Kuchagua rangi ya kuzuia maji: uliza kwanza maji yanatoka upande gani

Nenda duka lolote la vifaa vya ujenzi, Kariakoo au Mombasa mjini, useme nyumba yako inavuja. Kabla hujamaliza kueleza utakuwa umeshawekewa ndoo juu ya kaunta. Ndoo imeandikwa kwa herufi kubwa kwamba inazuia maji, na si uongo. Inazuia, ila maji ya namna fulani, kutoka upande fulani, juu ya kitu fulani. Hayo matatu ndiyo yanayoamua kama hela yako itakaa ukutani miaka kadhaa au itabanduka masika ijayo, na muuzaji hana nafasi ya kukuuliza hata moja.

Mwongozo huu ni wa anayetaka kushika brashi mwenyewe, au angalau kumsimamia fundi huku akijua anachokisimamia. Nimeulenga kwenye nyumba zetu za pwani: tofali za saruji, lipu, slabu ya veranda au ya ghorofa, na hizi nyumba za mtindo wa sasa ambazo bati limefichwa nyuma ya ukuta wa juu. Hizo za mwisho zinapendeza kwenye picha, lakini ndizo zinazowaweka mjini wauza dawa za kuzuia maji.

Hatua ya 1: Fuata maji mpaka yanakotoka

Usinunue chochote kwanza. Simama mbele ya doa uliangalie lilipo.

Doa likiwa chini, usawa wa goti au kiuno, na lipu inameguka huku ukiona unga mweupe kama chumvi, maji hayo yanapanda kutoka ardhini. Ukuta unayanyonya kidogo kidogo, na kwa kawaida hayapandi zaidi ya mita moja hivi. Doa hilo halijali mvua imenyesha au haijanyesha. Lipo mwaka mzima, linakolea tu wakati wa masika.

Doa likiwa juu, kwenye kona ya dari au kando ya ukuta wa nje, na likiongezeka saa chache baada ya mvua, tafuta paani: parapeti (ule ukuta wa juu unaozunguka paa), gata, au slabu yenyewe. Kumbuka maji hayashuki wima. Yanaingia sehemu moja, yanatembea juu ya zege au kwenye bomba la nyaya, yanatokea mita mbili mbali. Usiamini kwamba tundu liko juu kabisa ya doa.

Doa likiwa katikati ya ukuta unaopakana na bafu au jiko, shuku bomba. Kipimo chake hakigharimu kitu: funga koki zote usiku, soma mita ya maji, isome tena asubuhi. Namba ikiwa imesogea na hakuna aliyefungua maji wala tangi halijajazwa, una bomba linalovuja, na hakuna rangi duniani itakayokusaidia. Mita ikiwa imetulia, bado bomba la maji machafu linaweza kuwa ndilo, maana hilo halipiti kwenye mita. Mwaga ndoo mbili tatu bafuni, subiri, uangalie doa.

Kuna na doa la nne linalodanganya wengi: ukungu mweusi, ambao mtaani unaitwa fangasi, nyuma ya kabati au kwenye kona ya chumba kisicho na hewa. Hayo mara nyingi ni maji ya ndani, mvuke wa kuogea na kupikia unaogandia kwenye ukuta wa baridi. Ili kutofautisha, kata kipande cha nailoni safi cha kama sentimita 45 kwa 45, kibandike ukutani kwa selotepu pande zote nne pasipite hewa, kiache siku moja au mbili. Umande ukiwa upande wa chumbani, tatizo ni hewa: fungua dirisha, weka feni ya kutoa mvuke, basi. Umande ukiwa nyuma ya nailoni, upande wa ukuta, maji yanatoka ndani ya ukuta wenyewe.

Sasa kanuni ambayo mambo mengine yote hapa yanaifuata. Rangi inaweza kuzuia maji yanayoisukuma kuelekea ukutani. Maji yanayotoka nyuma yake, ndani ya ukuta, yanaisukuma itoke. Ndiyo maana rangi nzuri ya bei mbaya, ikipigwa sebuleni juu ya ukuta unaonyonya maji ya nje, huvimba mapovu na kubanduka kwa mabamba. Popote inapowezekana, zuia maji upande yanakoingilia.

Hatua ya 2: Jua kilichomo ndani ya ndoo

Majina ya kibiashara ni mengi, lakini yakishavuliwa lebo hubaki makundi machache.

La kwanza ni akriliki inayovutika, ya maji, inayouzwa kwa ajili ya kuta za nje na paa. Inavumilia jua, inavutika pamoja na nyufa ndogo, brashi inaoshwa kwa maji, na mtu asiye fundi anaiweza. Kwa kuta za nje na parapeti ndiyo chaguo langu la kwanza. Udhaifu wake mkubwa ni maji yaliyotuama. Dimbwi likikaa juu yake siku baada ya siku, akriliki nyingi hulainika na kuachia. Kwa hiyo slabu isiyo na mteremko, au gata ambayo maji hayaishi, usiipe akriliki ukatarajia miujiza.

Poliyurethani ya kimiminika ni ya slabu iliyo wazi na gata. Inakauka kuwa kama mpira mmoja usio na kiungo, inavumilia dimbwi na kukanyagwa kidogo. Bei yake iko juu, harufu ni kali, na haipendi unyevu wakati wa kupigwa: ukiipaka juu ya zege lenye maji ndani, jua likiwaka mvuke unatafuta njia na utaona malengelenge kesho yake. Nyingi zina praima yake maalumu, yaani rangi ya kutangulia inayoisaidia ishike. Usiiruke.

Halafu ile ya saruji yenye polima, mfuko wa unga na galoni la kimiminika cheupe kama maziwa. Unachanganya viwili hivyo ukapata uji mzito unaopakwa kwa brashi ngumu. Hii ndiyo ya bafuni kabla ya vigae, ya matangi, na ya chini ya kuta. Ina sifa ambayo nyingine hazina: kwa kuwa ni saruji, inashikana na ukuta wa saruji, hata ukuta ukiwa na unyevu (watengenezaji wengi hutaka ulowanishwe kidogo kwanza, soma mfuko). Kwa sababu hiyo, maji yakiwa yanatoka nyuma na huwezi kufika upande wa pili, kama ukuta wa chumba kilicho chini ya ardhi, hii ndiyo yenye nafasi ya kusimama. Lakini kuna isiyovutika na inayovutika, na si kila moja imetengenezwa kwa maji ya nyuma. Uliza, na usiamini mpaka uone imeandikwa.

Lami, ile nyeusi, ni ya mahali pasipoonekana: msingi kabla haujafukiwa, ukuta unaoegemewa na udongo, slabu itakayofunikwa na zege jingine. Juani inakauka, inachanika, inakuwa kama ngozi ya mamba. Ukitaka kuiacha wazi juu ya paa lazima uifunike na rangi ya alumini inayorudisha mwanga. Na usiipake ndani ya nyumba ukidhani utaifunika kwa rangi nyeupe baadaye. Lami hupenya na kutoa madoa ya kahawia, na rangi nyingi hazishiki juu yake.

Epoksi ni ngumu na inastahimili kemikali, nzuri kwa sakafu ya gereji au stoo. Kwa paa haifai. Haivutiki, zege likipasuka nayo inapasuka, na jua huifanya ififie na kutoa unga.

Kuna pia dawa ya kunywesha ukuta, haina rangi, inaingia ndani ya tofali au jiwe na kuyafanya maji yateleze juu. Inafaa ukuta wa matofali ya kuchoma au wa mawe ambao hutaki kuupaka rangi, na inaruhusu ukuta kupumua. Haizibi ufa.

Rangi ya mafuta? Kwa milango na madirisha ya chuma, sawa. Ukutani, hasa kwenye lipu mpya, ni kutafuta matatizo. Saruji mbichi ina ukali wa magadi, pH yake ni 12 hadi 13, na ukali huo hugeuza mafuta ya rangi kuwa sabuni kwa maana halisi ya kemia. Inabaki kunatanata, halafu inabanduka.

Kwa wenye nyumba za kale za mawe ya matumbawe na chokaa, Mji Mkongwe wa Zanzibar, Lamu, au Mji wa Kale wa Mombasa: acheni ndoo zote hizo dukani. Ukuta ule mnene uliundwa uingize unyevu na kuutoa. Ukiufunga kwa saruji au rangi ya plastiki, unyevu na chumvi vinabaki ndani na vinaisukuma lipu mpaka ianguke vipande vipande. Dawa yake ni lipu ya chokaa na kupaka chokaa, na kurudia kila baada ya muda. Tena Mji Mkongwe umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000 na Lamu tangu 2001, kwa hiyo kabla ya kugusa ukuta wa nje zungumza na mamlaka ya uhifadhi ya eneo lako.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya unene

Hapa ndipo kazi nyingi za kienyeji zinapoharibikia, na hapazungumzwi. Watu wanabishana rangi ya kampuni gani ni bora wakati tatizo ni kwamba imepakwa nyembamba mno.

Lita 1 ikitandazwa sawasawa kwenye mita 1 ya mraba inatoa unene wa milimita 1 ikiwa bado mbichi. Ikikauka, maji au thina vinaondoka na kinachobaki ni yabisi tu. Kwenye karatasi ya maelezo ya bidhaa, ambayo kampuni nyingi huiweka mtandaoni, utakuta asilimia ya yabisi kwa ujazo. Ikiwa ni 50, ile milimita moja mbichi itabaki nusu milimita. Rangi ya kawaida ya ukutani huenda mita za mraba 10 hadi 12 kwa lita, yaani mikono miwili ikikauka haifiki unene wa sehemu moja ya kumi ya milimita. Inapendezesha ukuta, lakini kwenye slabu haiwezi kuzuia maji. Kwa slabu iliyo wazi, dawa nyingi za kupaka hutaka unene mkavu wa milimita 1 au zaidi.

Chukua slabu ya mita 5 kwa 4. Hiyo ni mita za mraba 20. Ongeza sehemu ya kupanda ukutani, sentimita 20 kuzunguka pande zote: mita 18 mara 0.2, unapata 3.6. Jumla 23.6. Ukitaka milimita 1 kavu kwa dawa yenye yabisi asilimia 50, unahitaji lita 2 kwa kila mita ya mraba, yaani lita 47 na ushee. Ndoo tatu za lita 20, na kidogo kitabaki. Fundi akikwambia ndoo moja inatosha, yeye anazungumzia kuipa slabu rangi.

Angalia pia kipimo kwenye ndoo. Nyingi zinauzwa kwa kilo. Dawa hizi ni nzito kuliko maji, kwa hiyo ndoo ya kilo 20 si lita 20. Ikiwa lita moja ina uzito wa kilo 1.3, ndani mna lita 15 na kidogo tu.

Na bei ilinganishwe kwa mita ya mraba, si kwa ndoo. Tuseme una ndoo mbili za lita 20. Ya kwanza ni shilingi 100,000 na yabisi yake ni asilimia 35. Ya pili ni 150,000, yabisi asilimia 60. Kwa milimita 1 kavu, ya kwanza itakula lita 2.86 kwa mita ya mraba, sawa na shilingi 14,300 hivi. Ya pili itakula lita 1.67, sawa na 12,500. Ile ya bei ya juu ndiyo ya bei ya chini. (Bei hizo ni za mfano tu, lakini ukiwa na simu yenye kikokotoo dukani utashangaa hesabu hiyo inavyotokea mara kwa mara.) Ndoo isiyo na karatasi ya maelezo, wala muuzaji hajui yabisi yake, mimi huiacha.

Mwisho wa hatua hii, geuza ndoo utazame tarehe ya mwisho wa matumizi. Akriliki iliyokaa kwenye kontena juani na unga wa saruji ulioshika mabonge havirudishwi kwa kukoroga.

Hatua ya 4: Andaa mahali

Hakuna anayependa kusoma sehemu hii, na hakuna dawa itakayoshika bila yake.

Kwangua kila kinachotikisika. Gonga lipu kwa mpini wa nyundo ukisikiliza. Ikilia wazi kama tupu, bomoa. Chumvi nyeupe isafishwe ikiwa kavu, kwa brashi ya waya, kisha ifagiliwe itoke nje. Ukiimwagia maji kwanza inayeyuka na kurudi ukutani. Fangasi waoshe kwa jiki iliyochanganywa na maji, acha dakika kumi hadi kumi na tano, suuza, acha pakauke. Usichanganye jiki na dawa ya choo wala asidi yoyote. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, na bafu dogo linaweza kuwa hatari ndani ya dakika chache.

Rangi ya zamani ya mafuta, hasa kwenye nyumba za miaka mingi, usiipige msasa mkavu. Rangi nyingi za zamani zina risasi, na vumbi lake ni sumu kwa watoto kuliko kwa mtu yeyote. Lowanisha ndipo ukwangue, vaa barakoa, takataka zifunge kwenye mfuko. Kwa rangi mpya, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani na UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, wanapendekeza kisizidishwe ni sehemu 90 za risasi kwa milioni. Tafuta inayotaja kwamba haina risasi.

Lipu au zege jipya liache siku 28. Najua, mvua zinakuja na mwenye nyumba anahamia Jumamosi. Bado, siku 28, au utafute dawa ambayo mtengenezaji ameandika wazi kwamba inapakwa kwenye saruji changa.

Nyufa zina hadithi yake. Kuna ufa uliokufa na ufa ulio hai. Weka alama ya penseli kwenye ncha zote mbili na uandike tarehe pembeni. Piga kiraka kidogo cha jasi kukatiza ufa. Baada ya wiki kadhaa, ikiwa jasi limepasuka au ufa umepita alama, huo uko hai. Ufa uliokufa upanue kwa tindo upate umbo la V, toa vumbi, ziba kwa saruji ya kurekebishia. Ulio hai ukiuziba kwa saruji utafunguka palepale. Huo unataka silanti (gundi ya kuzibia) ya poliyurethani inayovutika, halafu kitambaa cha faiba juu yake ndani ya dawa. Ufa mpana unaoendelea kukua, au unaopanda ngazi kwenye viungo vya tofali, si suala la rangi tena. Mwite mhandisi.

Sasa paa la kuficha. Angalia sehemu tatu. Kwanza juu ya parapeti, ile sehemu bapa inayotazama mbingu. Mara nyingi imepigwa lipu tu na haina mteremko, maji yanakaa pale na kunywewa na tofali, kisha yanatokea sebuleni. Ipe mteremko wa kuelekea ndani, ipake dawa juu na pande zote mbili, na ukiweza iwekee kofia ya bati au zege yenye ukingo wa kudondoshea maji nje ya uso wa ukuta. Pili, pale bati linapokutana na ukuta. Rangi peke yake haiwezi kuziba kiungo cha bati na saruji, kwa sababu bati hutanuka juani na kusinyaa usiku. Panatakiwa bati la kufunikia lililochimbiwa ukutani, silanti, kisha ndipo dawa na kitambaa. Tatu, gata. Mwaga maji uangalie yanakokwenda. Slabu na gata zinahitaji kushuka sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita. Pima kwa pimamaji na kipande cha ubao ulionyooka. Pasipo mteremko, fedha ya ndoo ya pili ingefaa zaidi ikiwa mifuko ya saruji ya kutengenezea mteremko huo. Na gata iwe na tundu la akiba la kumwagia maji nje, chini kidogo ya usawa wa bati, ili bomba likiziba na majani usigeuze dari yako kuwa tangi.

Kila kona ambapo sakafu inakutana na ukuta ijaze kwa saruji iwe ya mshazari au mviringo. Dawa ikikunjwa digrii 90 hukatikia hapo hapo.

Hatua ya 5: Paka

Chagua kipindi. Pwani, baada ya masika, Juni hadi Septemba, na tena Januari na Februari kabla masika hayajaanza, ndipo unapata siku kavu mfululizo. Asubuhi subiri umande uondoke kabisa, pitisha kiganja. Jua la saa saba mchana nalo ni baya, dawa hukauka juu kabla ya chini na kutoa mapovu. Slabu ipake kuanzia saa kumi jioni kama mvua haitishi, zege likiwa linapoa.

Praima kwanza. Kisha kona, mabomba na nyufa: paka dawa, laza kitambaa cha faiba kikiwa ndani ya dawa mbichi, paka tena juu mpaka kisionekane. Kitambaa kikilazwa pakavu halafu kikapakwa juu tu hubaki na hewa chini yake.

Kwa slabu nzima, gawanya kwa chaki. Ile ya mita 5 kwa 4 igawe vipande vinne vya mita za mraba 5. Mkono wa kwanza ukiwa lita 1 kwa mita, pima lita 5 kwenye ndoo ndogo na uhakikishe zimeishia ndani ya kipande hicho, si zaidi wala si pungufu. Njia hii inamkosesha hata fundi mjanja mahali pa kuficha. Mkono wa pili upite kukatiza wa kwanza: kama ulikwenda kaskazini na kusini, sasa mashariki na magharibi. Ukipata rangi mbili tofauti, kijivu chini na nyeupe juu, utaona papo hapo uliporuka. Baadhi ya dawa hutaka tabaka jembamba zaidi na mikono mitatu au minne. Fuata lebo, jumla ya lita ndiyo isibadilike. Nyeupe juu kabisa ina faida nyingine, inarudisha joto na chumba cha chini kinapoa.

Usiongeze maji ili iende mbali, isipokuwa lebo imeruhusu kwa mkono wa kwanza. Dawa ya mikebe miwili changanya kwa uwiano ulioandikwa, na changanya unayoweza kumaliza. Ikishaanza kuganda kwenye ndoo imekwisha, hata thina haiikomboi. Kwa poliyurethani na epoksi vaa glavu na barakoa ya kichujio cha kemikali, si kitambaa. Kamwe usipake yenye thina ndani ya tangi au bafu lisilo na hewa ukiwa peke yako.

Bafuni kazi ni fupi: saruji yenye polima, mikono miwili, sakafu yote, ukuta wa shawa mpaka mita 1.8 hivi, kuta nyingine sentimita 20, na kitambaa kuzunguka tundu la maji machafu na kila bomba linalotoboa. Vigae na groti, ile saruji ya kujazia katikati yake, si kizuizi cha maji. Kizuizi ni hicho kilicho chini yake. Tangi la maji ya kunywa lipake tu saruji ya polima iliyothibitishwa kwa maji ya kunywa, na lioshwe kama maelekezo yanavyosema kabla ya kujazwa. Lami hapana.

Ukuta unaonyonya maji ya ardhini, kwa upande wake, hauponi kwa rangi. Anza nje: shusha udongo uwe angalau sentimita 15 chini ya ile nailoni inayolazwa juu ya msingi kuzuia unyevu, kama ipo, na upeleke maji ya mvua mbali na ukuta. Ndani, bomoa lipu mpaka kama sentimita 30 juu ya mstari wa doa, safisha chumvi, paka saruji ya polima, piga lipu mpya yenye mchanga wa mtoni, si wa baharini. Ukimaliza, juu yake rangi ya maji inayopumua. Vigae vilivyobandikwa ukutani kuficha doa vinafanya unyevu upande juu zaidi.

Hatua ya 6: Jaribu kabla ya kuamini

Slabu au bafu likishakomaa kwa muda uliotajwa na mtengenezaji, si likishakauka kwa kugusa, ziba tundu la maji na ujaze sentimita 2 na nusu. Usizidishe: sentimita 5 za maji ni kilo 50 kwa kila mita ya mraba, na kwenye slabu ya mita za mraba 20 hiyo ni tani nzima. Weka alama ya usawa, acha saa 24, ukague chini na pembeni. Jua litavukiza kidogo, hilo ni la kawaida. Doa jipya si la kawaida.

Kisha chukua kalamu isiyofutika. Mahali pakavu, nyuma ya mlango wa stoo au ndani ya boksi la umeme pembeni, andika jina la dawa, kundi lake, tarehe na idadi ya lita zilizotumika. Miaka ikipita utahitaji kurudia mkono wa juu, na dawa mpya lazima ikubaliane na ya zamani. Akriliki juu ya silikoni, dawa nyingine ya paa, haishiki. Juu ya silikoni hushika silikoni tu. Poliyurethani yenye thina inaweza kulainisha lami iliyo chini. Fundi atakayekuja wakati huo hataweza kujua kwa macho kilichoko pale, na usipomwambia atapaka chochote alichonacho kwenye pikipiki.